Sola Iliyofika Kabla ya Nguzo

Katika vijiji vingi vya Kenya ya miaka ya 1980, siku ya soko ilikuwa pia siku ya betri. Mtu aliifunga betri ya gari kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tairi kuukuu, akaisukuma hadi kituo cha biashara chenye stima au jenereta, akamwachia fundi wa kuchaji, akairudia jioni au kesho yake. Gari hakuwa nalo. Betri ilikuwa ya runinga, ile ndogo ya inchi 14, ya picha nyeusi na nyeupe, inayotumia volti 12. Njia ikiwa ya mashimo asidi ilimwagika, na suruali iliyorukiwa na asidi haikukawia kutoboka. Lakini siku kadhaa baada ya hapo watoto wa majirani walijazana sebuleni kwa mwenye betri, na taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya ikatazamwa na watu ambao nguzo ya umeme hawakuwa na ahadi nayo.

Sola ya nyumbani nchini Kenya ilianzia hapo, kwenye kero ya kubeba betri. Wakati huo hakuna aliyekuwa akizungumza kijijini juu ya mabadiliko ya tabianchi. Kwa mwenye runinga, paneli ilikuwa njia ya kuchaji betri bila kuitoa nyumbani, basi.

Chimbuko hilo lina uzito katika ubishi ambao haujaisha hadi leo: je, serikali itoe pesa za umma ili wananchi wawe na sola majumbani? Wanaosema hapana hawakawii kuitaja Kenya. Watu walinunua wenyewe, wenye maduka wakaagiza wenyewe, mafundi wakajifunza kazi wenyewe, na serikali haikutia mkono. Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi, katika makala za wasomi na katika ripoti za wafadhili, nayo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki imejificha katika mambo madogo: nani alimlipa mshahara mnunuzi wa kwanza, nani alitozwa kodi, na nguzo zilichimbiwa wapi.

Paneli za kwanza nchini hazikuwa za nyumba za watu. Ziliwekwa kwenye mitambo ya mawasiliano iliyo vilimani, mbali na gridi, na kwenye zahanati zilizohitaji jokofu la chanjo. Mnunuzi alikuwa idara ya serikali, shirika la misaada au misheni. Mwananchi wa kawaida aliitazama paneli kama alivyoitazama helikopta: kitu cha wenyewe.

Mambo yaligeuka mwaka 1984 katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, upande wa Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Shule za harambee zilijengwa kwa michango ya wazazi, wakati mwingine kuku na mbuzi waliopigwa mnada siku ya changizo, kwa hiyo kila shilingi ilikuwa na macho yakiitazama. Bodi ilitaka taa ili wanafunzi wasome jioni, na ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli. Mmoja wa walimu, Mark Hankins, kijana wa Kimarekani aliyeletwa na Peace Corps, alikuwa amesikia habari za Harold Burris, mhandisi kutoka kwao ambaye naye alikuwa amekuja Kenya na Peace Corps na sasa alikuwa na biashara ndogo ya sola aliyoiita Solar Shamba. Hankins aliwaomba wanabodi wapige hesabu upya. Jenereta ni nafuu siku ya kuinunua, ila itakula dizeli kila usiku wa maisha yake. Paneli inauma siku ya kwanza, kisha inanyamaza. Bodi ikakubali, na madarasa yakawaka taa.

Walimu wa Karamugi hawakuishia kuzitazama taa hizo darasani. Baadhi yao waliagiza za nyumbani kwao. Burris akawafundisha vijana wa eneo lile kufunga nyaya, na msaada wa serikali ya Marekani ukagharimia mafunzo zaidi na ufungaji katika shule nyingine chache. Vijana hao waliondoka na bisibisi na ujuzi, wakawa mafundi wa kujitegemea, na kila nyumba waliyoifunga ikawa tangazo kwa jirani. Hankins mwenyewe hakuachana na kazi hiyo. Baadaye aliandika kitabu cha mwongozo cha sola kwa ajili ya Afrika, ambacho kimepita mikononi mwa mafundi wengi.

Inafaa kutua kidogo hapa, kwa kuwa hapa ndipo hadithi ya soko lililojizaa lenyewe inapoanza kuchechemea. Mafunzo ya mwanzo yalilipiwa na mlipa kodi, japo wa Marekani. Na mteja wa mwanzo alikuwa nani? Alikuwa mwalimu. Baada yake alikuja muuguzi, karani wa wilaya, na mkulima wa chai au kahawa. Mwalimu alikuwa na kitu ambacho wanakijiji wengi hawakuwa nacho: mshahara wa serikali, usiokosa mwisho wa mwezi. Hazina haikumnunulia paneli, lakini pesa aliyoipeleka dukani ilitoka Hazina.

Wakulima nao walikuwa na historia yao. Baridi kali iliyounguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na mwaka wa 1976 na 1977 pesa nyingi ziliingia katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Kenya. Nyumba za nyasi zikapisha za mabati, redio zikapisha runinga. Chai nayo ilikuwa na bonasi yake ya kila mwaka. Muuzaji wa sola mwenye akili hakupanda Meru, Kirinyaga au Kisii kabla ya bonasi kutoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 iliingia sokoni paneli ndogo zaidi, ya silikoni nyembamba iliyopakwa kwenye kioo, ya wati 10 au 12. Nguvu yake ilikuwa ndogo, lakini bei yake ilimfikia mtu wa kijijini. Maduka ya vifaa vya umeme yaliiweka rafuni kando ya redio, kwanza Nairobi, kisha katika miji midogo. Zikaja pia betri zilizorekebishwa kwa ajili ya sola, zikitengenezwa na viwanda vilivyokuwa vikiunda za magari. Hapo mnyororo ukakamilika: mtu angeweza kupanda matatu hadi mjini, akarudi jioni na umeme ndani ya boksi.

Wengi hawakununua vyote kwa mkupuo. Ilianza betri na runinga, kwa kuwa vilikuwepo tayari. Mwaka uliofuata ikaja paneli. Taa mbili zikafuata mavuno yakiruhusu. Kifaa cha kudhibiti chaji, kinachoilinda betri isijae kupita kiasi wala isikaushwe, mara nyingi kiliachwa dukani. Kwa nini ulipie kisanduku kisichowaka wala kuimba? Betri ikachoka kabla ya wakati, mwenye nyumba akalaumu jua. Wengine waliiongezea maji ya mvua badala ya maji ya betri. Makosa hayo yalikuwa ada ya shule, na kila kaya iliilipa peke yake.

Upande wa pili wa Ziwa Victoria, ujuzi huohuo ulipata nyumba mwaka 1993, pale kituo cha mafunzo ya sola cha KARADEA kilipoanzishwa Karagwe, mkoani Kagera. Karagwe iko pembezoni kabisa mwa Tanzania, karibu na Rwanda na Uganda, na nguzo za umeme zilikuwa mbali. Mafundi walikuja kujifunza hapo kwa vitendo, kwa kufunga mifumo ya kweli katika majengo ya kweli. Kituo hicho nacho kilisimama kwa msaada wa wafadhili.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa mifumo ya sola zaidi ya 150,000 ilikuwa imeuzwa kwa kaya za Kenya. Idadi hiyo iliwazidi wateja wote ambao Mpango wa Umeme Vijijini ulikuwa umewaunganisha tangu ulipoanzishwa mwaka 1973.

Ulinganisho huo ndio ulioifanya Kenya iwe maarufu, na mara nyingi husomwa kama ushindi wa duka dhidi ya ofisi. Lakini usomwe kwa makini. Mpango wa 1973 ulikuwa wa ruzuku tangu siku ya kwanza. Nguzo, nyaya na transfoma zilizoelekea vijijini ziligharimiwa kwa pesa za serikali, mikopo ya nje na tozo kwenye bili za wateja waliokwisha kupata stima. Nguzo hizo zilifuata viwanda vya chai, vituo vya biashara, mashule makubwa na, mara nyingine, njia ya kwenda nyumbani kwa mheshimiwa. Aliyebahatika kuwa karibu nazo alipata umeme ambao sehemu kubwa ya gharama yake ilikuwa imelipwa na wengine. Jirani yake wa bondeni, asiyefikiwa, alinunua paneli kwa bei yote ya dukani, na ndani ya bei hiyo, kwa miaka kadhaa, kulikuwa na ushuru wa forodha uliopanda na kushuka kadiri bajeti zilivyobadilika.

Kwa hiyo serikali haikukaa kando ya umeme wa nyumbani. Ilimchangia mwenye nguzo na kumtoza mwenye paneli.

Zimbabwe ilijaribu kinyume chake. Mwaka 1993 ulizinduliwa huko mradi mkubwa wa sola wa Mfuko wa Mazingira Duniani, wenye dola milioni 7, ukilenga kufunga mifumo 9,000 majumbani. Mikopo ya riba nafuu ilipitia taasisi ya serikali iliyokopesha wakulima, na vifaa vya mradi vikapata msamaha wa kodi. Kampuni za sola zilichipuka kama uyoga baada ya mvua, nyingi zikiwa zimezaliwa kwa ajili ya mradi wenyewe. Ulipofikia tamati mwishoni mwa miaka ya 1990, uchumi ukiwa umeanza kuyumba, nyingi zilifunga milango. Wakopaji wengi walikuwa watu wenye kipato kizuri, kwa sababu ndio walioweza kukopesheka. Lengo la idadi lilifikiwa. Soko lililotarajiwa kubaki nyuma halikubaki.

Kwa miaka mingi Zimbabwe na Kenya ziliwekwa kwenye mizani moja, na mizani ikaonekana kusema kwamba ruzuku huua na duka hulea. Mwandishi yeyote mwenye haraka angeishia hapo. Tatizo ni kwamba duka la Kenya nalo lilikuwa na ugonjwa wake.

Mwaka 1999 watafiti, miongoni mwao Arne Jacobson na Daniel Kammen, walipanda kwenye paa za watu Kenya na kupima paneli moja moja. Zile za silikoni nyembamba zilikuwa zimezusha ubishi mrefu: wapo mafundi walioapa kuwa ni takataka, na wapo wanunuzi waliozisifu. Vipimo vilionyesha kwamba wote walikuwa na haki. Baadhi ya chapa zilitoa karibu umeme ulioandikwa kwenye lebo, na nyingine zilitoa pungufu sana. Mnunuzi hakuwa na namna ya kutofautisha, kwa kuwa paneli mbovu na paneli nzuri zinang'aa sawasawa kwenye kaunta. Matokeo yalipotangazwa, waliokuwa wakiuza mbovu walibanwa. Miaka michache baadaye zikaingia chapa nyingine mbovu, na kazi ya kupima ikaanza upya.

Hapa soko peke yake halikuweza kujitibu. Muuza paneli nzuri alishindwa bei na muuza mbovu, na kaya iliyoibiwa ilikata tamaa na sola yote, si chapa moja. Kilichohitajika ni maabara, viwango, ukaguzi, na mtu mwenye mamlaka ya kuzuia kontena bandarini Mombasa, yaani kazi ya dola tangu zamani. Mwaka 2012 Kenya ilitoa kanuni za mifumo ya sola zilizowataka mafundi, wauzaji na waagizaji wawe na leseni, mafundi wakipangwa katika madaraja. Utekelezaji wake haukuwa mkali kila mahali, lakini kwa mara ya kwanza fundi wa sola alikuwa mtu anayetambulika kisheria, kama fundi wa waya wa kawaida.

Kabla ya hapo ulikuwepo mradi wa kukopesha wafanyabiashara, ulioanza mwaka 1998 chini ya shirika la fedha la Benki ya Dunia na kuhusisha Kenya, India na Morocco. Sehemu ya Kenya ilikuwa dola milioni 5. Masharti ya mkopo yaliwafaa wenye vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa, na muuza sola wa mji mdogo hakuwa na vitabu vya aina hiyo. Pesa zilikaa, duka likaendelea.

Jacobson alirudi na swali ambalo wauzaji hawakulipenda: nani hasa anafaidika? Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007 alionyesha kwamba wenye sola vijijini walikuwa zaidi watu wa kipato cha kati, na kwamba umeme mwingi wa mifumo midogo ulikwenda kwenye runinga, redio na simu. Taa ya watoto kusomea ilipata mgao mdogo. Jikoni, ambako mama alikuwa akipika, mara nyingi kulibaki na koroboi, kwa kuwa taa ya sola ilikuwa sebuleni pamoja na runinga. Sebule ni mahali pa wageni na pa baba. Jiko mara nyingi ni kibanda cha pembeni. Waya wa mita kumi ungetosha kuubadilisha mpangilio huo, lakini waya nao ulihitaji mtu wa kuuamua.

Masikini wa kijiji, mwenye kibarua cha siku, hakuwemo hata katika mjadala wa taa iwekwe wapi. Aliendelea kununua mafuta ya taa kwa kikombe, bei ya juu kuliko anayenunua kwa debe, na moshi wa koroboi ukapaka ukuta na mapafu.

Kwake mlango ulifunguliwa na simu. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Machi 2007. Miaka michache baadaye, Nick Hughes, mmoja wa walioibuni M-Pesa akiwa katika kampuni ya simu ya Vodafone, aliungana na wenzake kuanzisha M-KOPA, iliyoingia sokoni rasmi mwaka 2012. Hesabu yao iliandikwa kwa lugha ya kioski. Toa amana ya shilingi 2,999, kisha lipa shilingi 40 kila siku kwa mwaka mmoja, takriban pesa ambayo ungeipeleka kwenye mafuta ya taa na kuchaji simu. Ndani ya boksi kulikuwa na paneli ndogo, taa tatu, waya wa kuchaji simu na redio. Ndani yake pia kulikuwa na laini ya simu iliyokizima kifaa mteja asipolipa. Mwaka ukiisha, kifaa ni chako. Lipa mdogo mdogo ikawa msemo wa mtaani, na kampuni nyingine zikaiga, Arusha, Mwanza, Kigali na Kampala.

Wakopeshaji walikuwa wamepata kipimo cha kukopesheka ambacho benki hazikuwa nacho. Mtu asiye na hati ya shamba wala risiti ya mshahara aliaminiwa kwa shilingi 40, kisha 40 nyingine.

Watetezi wa soko huru walishangilia tena, na tena kuna la kuongeza. M-Pesa ilipokuwa wazo la karatasini, ilipata takriban pauni milioni moja kutoka mfuko wa misaada wa serikali ya Uingereza, Vodafone ikiweka kiasi kama hicho. Safaricom, kampuni ya simu iliyoibeba, serikali ya Kenya ilikuwa na hisa ndani yake. M-KOPA ilipokopa dola milioni 80 mwaka 2017, miongoni mwa wakopeshaji walikuwemo CDC ya Uingereza, FMO ya Uholanzi na Norfund ya Norway, taasisi za uwekezaji zinazomilikiwa kikamilifu au kwa sehemu kubwa na serikali za nchi hizo. Ukiifuata shilingi 40 ya mama wa Bungoma hadi mwanzo wake, utakuta njiani mhuri wa hazina fulani.

Na biashara yenyewe haikuwa mteremko. Kukopesha watu masikini vifaa vya dola mia kadhaa kunahitaji mtaji mkubwa na subira ndefu. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa imefunga mifumo mikubwa kidogo Tanzania, Rwanda na Kenya, ilifilisika mwaka 2019 na kununuliwa na Engie ya Ufaransa. M-KOPA yenyewe baadaye ilielekeza nguvu nyingi kwenye simu za kisasa.

Serikali ya Kenya, katika miaka hiyo hiyo, haikuonekana kuwa na uhakika kama sola ni rafiki au ni chanzo cha mapato. Sheria ya VAT ya 2013 iliitoza sola asilimia 16. Wafanyabiashara wakalalamika, na mwaka 2014 ikasamehewa. Mwaka 2020, Hazina ikiwa imebanwa na janga la korona, kodi ikarudi. Julai 2021 ikasamehewa tena. Muuzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, aliyeagiza kontena moja angeweza kuanza safari yake bila kodi na kuimaliza nayo. Katikati ya mizunguko hiyo, mwaka 2018, mafuta ya taa nayo yalitozwa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia wanaoyachanganya na dizeli. Sababu ilieleweka, kwa kuwa uchakachuaji ulikuwa unaua injini za malori. Mwenye koroboi hakuwa na lori, lakini alilipa.

Kwa upande wa nguzo mkono ulikuwa mkunjufu. Mei 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa ada ya kuunganishiwa stima ingeshuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, tena ikilipwa kwa awamu pamoja na bili. Gharama halisi ya kuifikia nyumba moja ya kijijini ilikuwa juu zaidi ya ada hiyo mara kadhaa. Tofauti ililipwa na serikali kwa mikopo kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Dunia na wengine. Tanzania, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007, ilikwenda mbali zaidi: ada ya kuunganishwa kijijini ikawa shilingi 27,000 za Tanzania, kiasi kisicholipa hata nguzo moja.

Sensa zinaonyesha kilichotokea Kenya. Mwaka 2009, kaya 22.9 kati ya kila 100 zilitumia stima ya gridi kama chanzo kikuu cha mwanga, na 1.6 zilitumia sola. Mwaka 2019 stima ilikuwa imefika asilimia 50.4 na sola asilimia 19.3. Vyote viwili vilikua, kimoja kikibebwa na ruzuku ya wazi, kingine kikibebwa na mikopo ya shilingi kwa shilingi. Ukiiweka ramani ya asilimia 19.3 hiyo juu ya ramani ya umaskini, hata hivyo, pengo linajitokeza. Lipa mdogo mdogo ilistawi magharibi, nyanda za juu na kandokando ya barabara kuu, mahali penye mawakala wa M-Pesa, mtandao wa simu na pikipiki ya fundi. Mandera haikuwa hivyo. Turkana ya ndani haikuwa hivyo.

Ndiyo maana mwaka 2017 serikali, kwa mkopo wa dola milioni 150 wa Benki ya Dunia, iliingia moja kwa moja katika sola ya nyumbani kupitia mradi wa KOSAP. Ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, kuanzia Turkana, Wajir na Marsabit hadi Tana River, Lamu, Kilifi na Kwale, na kaya 250,000 zipate mifumo ya sola. Walioubuni walikuwa wamesoma yaliyowapata wengine. Bangladesh, iliyofunga mifumo zaidi ya milioni 4 kuanzia 2003 kwa mikopo na ruzuku iliyopunguzwa hatua kwa hatua, ilishuhudia mauzo yakianguka pale nguzo zilipoenea na serikali hiyohiyo ilipoanza kugawa paneli bure vijijini. Nani atalipa mkopo wa kitu ambacho jirani amepewa? Kwa hiyo KOSAP haikugawa paneli. Ililipa kampuni motisha ya kufika kule ambako hazikuwa na hamu ya kwenda, nyingine ikilipwa baada ya kuthibitisha kuwa kifaa kimefika na kinafanya kazi, huku mteja naye akilipa sehemu yake kidogo kidogo.

Mradi ulikwenda kwa mwendo wa kobe. Zabuni zilichelewa, mitambo ya vijijini ya gridi ndogo ikachelewa zaidi, na muda wake ukabidi kuongezwa. Kampuni zilikumbana na yale yaliyozifanya zisiende huko tangu mwanzo: mteja anahama na mifugo wakati wa kiangazi, mtandao wa simu unapatikana kilima kimoja tu, na fundi analala njiani mara mbili kwenda kubadilisha swichi. Ruzuku ilifidia gharama za barabara, haikuweza kuifupisha.

Wakati huohuo mteja wa mjini aliendelea kuchangia umeme wa kijijini bila kuulizwa. Anayenunua tokeni ya stima kwa simu, awe mpangaji wa Umoja jijini Nairobi au wa Likoni kuvuka feri, akiuangalia mchanganuo wa malipo yake ataona mstari wenye herufi tatu, REP, na senti kadhaa au shilingi kadhaa mbele yake. Ni tozo ya Mpango wa Umeme Vijijini, asilimia 5, ileile inayokumbusha mpango wa 1973. Sehemu kubwa ya pesa zake, tangu zamani, imekuwa nguzo na nyaya.